Mdundo Mmoja kwa Watu 50,000

Tarehe 1 na 2 Juni 2019, vijana saba wa Korea Kusini waliujaza uwanja wa Wembley, London, siku mbili mfululizo. Kabla ya BTS, hakuna kundi la Korea lililokuwa limewahi kuwa na tamasha lake lenyewe katika uwanja ule. Yameandikwa mengi kuhusu nyimbo zao, mavazi yao, fedha wanazoiingizia nchi yao na mashabiki wao wanaojiita ARMY. Makala haya yanauliza swali moja tu, ambalo naona halijaulizwa vya kutosha: makumi ya maelfu ya watu, waliotawanyika kuanzia mbele ya jukwaa hadi viti vya juu kabisa, wanawezaje kutamka neno lilelile na kuwasha rangi ileile kwa wakati mmoja?

Ukijibu kwamba ni mapenzi, umetaja kinachowaleta uwanjani. Mapenzi hayawezi kumwarifu mtu aliyeketi mbali kwamba mdundo umeshapigwa. Lazima kitu kitoke jukwaani kimfikie, na kila kinachosafiri huchukua muda. Tuanzie hapo, na tuanze na jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya.

Nenda na mwenzako kwenye uwanja wa mpira ulio tupu. Asimame kwenye mstari wa goli akiwa na debe na kipande cha mti, apige mara mbili kila sekunde, mkono ukipanda na kushuka kwa mwendo usiobadilika. Wewe anza ukiwa karibu naye. Utaona mti unagusa debe na utasikia mlio papo hapo. Kisha rudi nyuma polepole kuelekea goli la pili, macho yasimtoke. Ukipita katikati ya uwanja utahisi kwamba mkono na mlio vimeanza kutoelewana. Ukikaribia eneo la hatari la upande wa pili, mita kama 86 kutoka kwa mwenzako, jambo la ajabu litatokea: utasikia mlio wakati mkono wake uko juu kabisa na mti haujagusa kitu.

Hakuna kilichoharibika. Debe linapopigwa hutikisika, na mtikisiko huo husukuma molekuli za hewa zilizo karibu nalo. Hizo huzigonga za jirani, nazo huzigonga zinazofuata, na hivyo msukumo unasonga mbele ingawa hewa yenyewe inabaki pale ilipokuwa. Msukumo huo unaosafiri ndio sauti. Mwendo wake unategemea jinsi molekuli za hewa zinavyokimbia huku na huko, na mbio hizo ndizo tunazozipima kama joto. Katika nyuzi 0 za Selsiasi sauti huenda mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi moja inayoongezeka huongeza kama mita 0.6. Katika jioni yenye nyuzi 20, basi, sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Gawanya 86 kwa 343 utapata robo sekunde. Mwenzako anapiga kila nusu sekunde, kwa hiyo robo sekunde baada ya pigo mkono wake uko juu. Mwanga ulikuletea picha ya mkono mara moja. Sauti ilichelewa njiani.

Kama nje ya goli kuna nafasi, endelea kurudi hadi mita 172. Hapo mlio na mkono vitapatana tena kikamilifu, na asiyejua atasema kila kitu kiko sawa. Haviko sawa: pigo unalolisikia ni lile lililotangulia, na limekufikia sambamba na picha ya pigo jipya. Shika jambo hili. Kuchelewa kidogo huumiza sikio zaidi kuliko kuchelewa pigo zima.

Sasa twende kwenye tamasha. Uchukue wimbo wa Dynamite, ambao mwaka 2020 uliifikisha BTS namba 1 kwenye chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani. Una midundo 114 kwa dakika, yaani mdundo mmoja kila sekunde 0.526. Katika muda huo sauti hupiga hatua ya mita 180. Tuseme jukwaa liko upande mmoja wa uwanja mkubwa, na kiti cha mbali kabisa kiko mita 180 kutoka jukwaani. Shabiki wa kiti hicho husikia kila mdundo pale wacheza densi wanapoukanyaga mdundo unaofuata. Kwake miguu na ngoma vinaelewana. Mwenye shida ni aliyeketi mita 90, ambaye tiketi yake huenda iligharimu zaidi: yeye anasikia mdundo wakati mguu wa msanii uko hewani.

Kwa maana hiyo, ndani ya uwanja mkubwa hakuna wakati mmoja unaoweza kuitwa sasa. Kila safu ya viti ina yake. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika makala haya, na kila ufundi tutakaouona, wa spika, wa sauti za mashabiki na wa taa, ni njia ya kukabiliana nalo. Hakuna unaoliondoa.

Spika kwanza. Spika za jukwaani haziwezi kuhudumia uwanja mzima peke yake, kwa sababu sauti hufifia kadiri inavyosambaa. Ukiiongeza iwatoshe wa nyuma, wa mbele wataumia masikio. Mafundi husimamisha minara ya spika katikati ya umati. Mnara ulio mita 60 kutoka jukwaani hupata muziki kwa waya, karibu papo hapo. Ukiuachia upige hapohapo, aliye karibu nao atasikia mnara, kisha baada ya sekunde 0.175 atasikia jukwaa. Kila neno litatamkwa mara mbili na wimbo utakuwa uji. Dawa yake ni kuuchelewesha mnara kwa makusudi. Mtambo huuzuia muziki sekunde 0.175, kisha fundi huongeza vipande 10 hadi 15 vya elfu moja ya sekunde.

Nyongeza hiyo ina siri nzuri. Mwaka 1949 mtafiti Mjerumani Helmut Haas alionyesha kwamba sauti mbili zinazofanana zikilifikia sikio kwa kupishana muda mfupi sana, hadi kama vipande 30 au 40 vya elfu moja ya sekunde, ubongo huziunganisha kuwa moja na kuamini kwamba imetoka kule ilikotoka ya kwanza. Mnara ukichelewa kidogo tu baada ya jukwaa, shabiki hupata nguvu ya spika iliyo karibu naye lakini anasadiki kwamba msanii anamwimbia kutoka jukwaani. Fundi makini hata hali ya hewa anaifuatilia. Jua likizama na joto kushuka kutoka nyuzi 30 hadi 15, sauti inayosafiri mita 100 huchelewa kwa karibu vipande 8 zaidi vya elfu moja ya sekunde, na mahesabu ya mchana yanahitaji kurekebishwa.

Hayo yote ni sauti inayotoka jukwaani. K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea, ina sauti nyingine, inayorudi. Tangu miaka ya 1990, mashabiki wa Korea wamejenga utaratibu wa viitikio: wimbo una sehemu zilizotengwa kwa ajili ya umati, na kabla ya onyesho mashabiki hupewa mwongozo unaoonyesha neno gani liitwe wapi. Kiitikio kinachojulikana zaidi cha ARMY huyataja majina ya kuzaliwa ya wasanii wote saba kwa mpangilio maalumu, kuanzia Kim Namjoon, kisha hulitaja kundi lenyewe. Shabiki wa Lima, wa Manila na wa Nairobi wanaujua mpangilio huo kwa moyo, hata kama hawana lugha nyingine ya kuzungumza pamoja.

Fikiria sasa yanayompata msanii. Shabiki aliye mita 100 anasikia mdundo sekunde 0.29 baada ya kupigwa. Anaitikia bila kukawia. Sauti yake inahitaji sekunde 0.29 nyingine kurudi jukwaani. Jumla ni sekunde 0.58, na mdundo wa Dynamite ni sekunde 0.526. Msanii, basi, humsikia shabiki huyo akiwa nyuma kwa zaidi ya mdundo mzima, ingawa shabiki hakukosea hata chembe. Wa safu ya mbele wanamfikia mapema, wa katikati baadaye, wa nyuma kabisa baadaye zaidi. Akijaribu kuwafuata atapunguza mwendo. Wao nao watapunguza ili wamfuate yeye, na wimbo utazidi kuzorota. Kwa sababu hiyo wasanii huvaa visikizi vya masikioni vinavyopokea muziki kwa redio na kuziba kelele za nje. Mara nyingi kwenye video utamwona mmoja wao anachomoa kisikizi kimoja na kutabasamu akiwasikiliza watu. Sikio moja linabaki na mdundo wa kweli, jingine linapokea uwanja uliochelewa. Kuendelea kuimba sawasawa katika hali hiyo kunahitaji mazoezi ya miaka.

Linganisha na neno lenyewe linavyosikika. Katika mazungumzo ya kawaida silabi moja huchukua takribani moja ya tano ya sekunde. Kama sauti za umati zinamfikia msikilizaji zikiwa zimetawanyika kwa zaidi ya nusu sekunde, silabi tatu za watu mbalimbali zinalundikana mahali pamoja na neno linageuka mvumo. Sentensi ndefu isingepona hapo. Jina linapona. Kila jina katika kiitikio cha BTS lina silabi tatu kwa matamshi ya Kikorea, huitwa kwa nguvu, na baada yake kuna nafasi tupu. Nafasi hiyo huruhusu mvumo wa jina la kwanza upungue kabla la pili halijaanza. Sidhani kama waliotunga viitikio walikaa na kikokotoo. Umati wenyewe, kwa miaka mingi ya kujaribu, ulibakiza kilichosikika na kuacha kilichozama.

Na kiitikio kina faida ya pili iliyo kubwa zaidi. Mtu anayejua wimbo hahitaji kuusubiri. Akishaupata mdundo, ubongo wake hutabiri unaofuata, na kinywa hufunguka kwa utabiri huo. Ndiyo sababu mwongozo hujifunzwa nyumbani. Muda ambao sauti isingeweza kuufidia uwanjani umeshafidiwa kichwani wiki kadhaa kabla.

Mwanga ni habari nyingine. Huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, karibu mara 874,000 ya mwendo wa sauti. Katika mita 180 hutumia pungufu ya sehemu moja ya milioni moja ya sekunde. Kwa jicho la binadamu, mwanga uwanjani hauna kuchelewa kokote.

Mashabiki wa Korea waliutumia mwanga na rangi muda mrefu kabla mafundi hawajaingilia kati. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa maputo ya rangi: meupe kwa kundi la H.O.T., ya njano kwa Sechs Kies, ya samawati kwa g.o.d. Rangi ilisema wewe ni wa nani. Baadaye BIGBANG, walioanza mwaka 2006, wakawa na fimbo ya taa yenye umbo lao wenyewe, taji la njano, na makundi mengine yakafuata. Ukimya wa taa nao ulikuwa na maana. Mwaka 2008, kwenye tamasha la Dream Concert huko Seoul, mashabiki wa makundi mengine walizima taa zao Girls' Generation walipopanda jukwaani, na wasichana wale tisa wakaimba mbele ya giza. Waliokuwepo hawajalisahau, na sioni cha kulisifia.

Ichukue fimbo moja mkononi. Ile ya BTS ni tufe la plastiki angavu juu ya mpini mweusi. Mpini una betri 3 za AAA, na ndani yake kuna kibao cha saketi, chipu ndogo, antena na LED. Ndani ya LED kuna tabaka mbili za fuwele zilizogusana. Moja ina elektroni za ziada, nyingine ina nafasi tupu zinazosubiri elektroni. Betri husukuma elektroni zivuke mpaka. Elektroni inapoangukia kwenye nafasi tupu hupoteza nishati, na nishati hiyo hutoka kama chembe moja ya mwanga, yaani fotoni. Ukubwa wa anguko hilo unaamuliwa na aina ya fuwele, na ukubwa wa anguko ndio unaoamua rangi. Anguko dogo hutoa nyekundu, kubwa kidogo kijani, kubwa zaidi bluu.

Nyekundu ilipatikana mapema. Mwaka 1962 Nick Holonyak alionyesha LED yenye mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Bluu iliwasumbua wanasayansi kwa miaka thelathini hivi, kwa sababu ilihitaji fuwele ya galiamu na naitrojeni, na fuwele hiyo ilikataa kuota bila kasoro. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliendelea nayo wakati maabara nyingine nyingi zilikuwa zimekata tamaa, na mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. ARMY wana sababu ya kuwashukuru. Rangi yao ni zambarau, tangu mwaka 2016 Kim Taehyung, mmoja wa wasanii saba wa BTS, alipoipa maana ya kupendana na kuaminiana kwa muda mrefu. Fimbo huitoa zambarau hiyo kwa kuwasha nyekundu na bluu pamoja. Jicho lina aina tatu za seli za rangi. Zile za nyekundu na za bluu zikiamshwa huku za kijani zikiachwa zimelala, ubongo husoma zambarau. Bila kazi ya wale Wajapani watatu, uwanja wa zambarau usingewezekana kwa fimbo ya kushika mkononi.

Kupata zambarau nzito au hafifu kunahitaji kupunguza bluu au nyekundu kwa kipimo. Chipu haipunguzi umeme. Inaiwasha na kuizima LED kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na kinachobadilika ni muda wa kuwaka dhidi ya muda wa kuzima. Ikiwaka robo ya muda, unaona robo ya mwanga. Kila rangi ikiwa na ngazi 256, rangi tatu kwa pamoja hutoa michanganyiko 16,777,216. Irekodi taa ya aina hii kwa kamera ya simu wakati imefifishwa, na huenda ukaona mistari myeusi ikipita kwenye picha. Kamera imekunasia kuzimika ambako jicho limekuficha.

Zimebaki fimbo 50,000 za kuongozwa. Wengi hudhani zinaongozwa kwa Bluetooth, kwa kuwa kabla ya tamasha shabiki huiunganisha fimbo na simu yake kwa njia hiyo. Lakini Bluetooth ya kawaida ni mazungumzo: kila upande hutuma na kujibu, na kifaa kimoja kikuu huhudumia vifaa 7 tu kwa wakati mmoja. Hata tukipata mtambo unaoweza kuongea na kila fimbo kwa moja ya elfu ya sekunde, kuzimaliza zote 50,000 kungechukua sekunde 50. Kibwagizo kingekuwa kimeshapita, na cha pili pia.

Njia inayofaa ni ya mwalimu mkuu mstarini asubuhi. Hamfuati kila mwanafunzi kumnong'oneza. Anatamka mara moja kwamba darasa la sita wabaki, wengine waende, na kwa kuwa kila mtoto anajua darasa lake, amri moja inatosha kwa shule nzima. Ile kazi ya simu kabla ya tamasha ilikuwa hiyo: shabiki aliingiza namba ya kiti kutoka kwenye tiketi, na simu ikaiandika kwenye kumbukumbu ya fimbo. Kuanzia hapo fimbo inajua iko wapi. Onyesho linapoanza, kituo kimoja hutangaza amri fupi kwa redio kuelekea uwanja wote, bila kusubiri jibu. Kila fimbo husikia yote na kutekeleza linaloihusu. Hivyo ndivyo upande mmoja wa uwanja unavyogeuka mwekundu na mwingine mweupe, na maandishi yakajitokeza juu ya vichwa vya watu ambao hakuna hata mmoja wao anayeyaona akiwa mahali pake.

Amri haitangazwi mara moja na kuachwa. Mwili wa binadamu, ambao zaidi ya nusu yake ni maji, hufyonza sehemu ya mawimbi ya redio, na fimbo iliyozingirwa na watu warefu inaweza kukosa ujumbe, kwa hiyo antena hupandishwa juu na ujumbe hurudiwa. Pia kila chipu ina saa yake, kipande kidogo cha kwatzi kinachotikisika, na kwatzi za kawaida hutofautiana kwa sehemu kama 20 katika kila milioni. Ni kidogo mno, lakini kwa saa moja hufikia vipande 72 vya elfu moja ya sekunde, na fimbo mbili zinazokosea pande tofauti huachana maradufu ya hapo. Zikiwashwa pamoja na kuachwa zijiendeshe, kufikia mwisho wa onyesho zingemetameta ovyo. Redio huzirudisha kwenye mstari kila mara.

Hapa tunarudi kwenye uwanja wa mpira na debe. Redio ni mwanga wa aina nyingine na ina mwendo uleule. Fimbo zote zimewaka papo hapo, mdundo unapopigwa. Aliyeketi mita 90 anauona uwanja mzima ukiwaka, kisha baada ya robo sekunde anausikia mdundo ulioamuru kuwaka huko. Tumezipatanisha taa zenyewe kwa zenyewe, na kwa kufanya hivyo tumeziachanisha na muziki wake. Je, tucheleweshe taa za kila safu kadiri ya umbali wake, kama tulivyoichelewesha minara? Inawezekana kabisa, na shabiki ataona fimbo ya jirani ikiwaka sawa na mdundo anaousikia. Lakini sasa msanii na kamera wataona wimbi la mwanga likikimbia kutoka mbele kwenda nyuma kwa mwendo wa sauti, na hakuna tena mpigo mmoja wa rangi. Lazima uchague umridhishe nani. Kwa maoni yangu jibu bora ni rangi zinazoingia na kutoka polepole, kwa sekunde mbili au tatu, kwa sababu jicho halioni kosa la robo sekunde katika badiliko linalochukua sekunde tatu. Mpigo mkali wa taa ufaao ukumbini, ambako aliye mbali kabisa yuko mita 40, unapoteza maana uwanjani.

Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vyote, BTS walionyesha matamasha yao ya nyuma mtandaoni, na mashabiki wakaunganisha fimbo zao na simu majumbani. Wimbo ulipobadilika, fimbo ilibadilika mkononi mwa mtu aliyekaa kitandani kwake. Hapo tatizo la muda lilikuwa kubwa kuliko la uwanja wowote. Video ya mtandaoni huhifadhiwa kwa sekunde kadhaa kabla ya kuonyeshwa ili isikatike, na kila simu huhifadhi kiasi chake, kwa hiyo aliye Mombasa anaweza kuwa nyuma ya aliye Busan kwa sekunde nyingi. Fimbo haikuweza kufuata saa ya ukutani. Ilifuata mahali video ilipofika kwenye simu ya mwenyewe. Kila mtu akapata upatanifu kamili wa macho na masikio, jambo ambalo hakulipata uwanjani, na hakuna wawili waliokuwa katika wakati mmoja.

Fimbo hizo zimefika hata nje ya matamasha. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol alitangaza utawala wa kijeshi nchini Korea Kusini. Bunge liliubatilisha ndani ya saa chache, na siku zilizofuata watu walimiminika Yeouido, mbele ya jengo la Bunge. Miaka minane nyuma, Wakorea walikuwa wameandamana dhidi ya Rais Park Geun-hye wakiwa na mishumaa. Mbunge Kim Jin-tae alipodai kwamba upepo ukivuma mishumaa itazimika, wengi walibeba ya LED. Safari hii wasichana na wanawake vijana walikuja na kitu walichokuwa nacho kabatini, ambacho hakizimwi na upepo: fimbo zao za taa. Zilikuwepo za BTS, za BIGBANG, za SHINee, za NCT, za makundi ambayo mashabiki wao walikuwa wamevutana kwa miaka. Waliimba Into the New World, wimbo wa kwanza wa Girls' Generation, wa mwaka 2007, ule ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ewha waliuimba mbele ya polisi mwaka 2016. Ni kundi lilelile lililowahi kuimbia giza. Tarehe 14 Desemba wabunge 204 kati ya 300 walipiga kura ya kumshtaki rais.

Barabarani pale hapakuwa na kituo cha redio cha kuziamuru fimbo. Kila moja iliwaka kwa rangi iliyochaguliwa na mwenyewe na kumeta kwa kwatzi yake, kwa hiyo ukizitazama kama taa hazikuwa na mpangilio wowote. Mpangilio ulikuwa kwenye mikono iliyozishika. Mikono ilipanda na kushuka kwa wimbo ambao watu wale walikuwa nao kichwani tangu utotoni, na wimbo uliojulikana kiasi hicho hauhitaji kusubiriwa. Aliyesimama mita 340 nyuma ya spika alisikia kila neno sekunde nzima baada ya aliye mbele. Waliomzunguka nao walichelewa kwa kiasi kilekile, wakaimba naye, na popote aliposimama mtu kwenye barabara ile alikuwa sawa na wale aliowagusa bega.